Baa za Juu ya Paa Bugolobi: Askari Achague Ipi?

Kwa miaka kadhaa sasa mtaa wa Bugolobi, ulio katika tarafa ya Nakawa, upande wa mashariki wa jiji la Kampala, umepata sifa ambayo waliouchora hawakuikusudia. Mtaa huo ulijengwa uwe mahali pa kulala. Maghorofa ya Shirika la Taifa la Nyumba yaliwekwa hapo ili watu wapate kupumzika na jamaa zao baada ya kazi, na nyumba za wenye uwezo zikapangwa kwenye miinuko, zimezungukwa na miti na nyua. Leo hii mtu apitaye Luthuli Avenue au Bandali Rise siku ya Ijumaa jioni huona taa za rangi zikiwaka barabarani, na akiinua macho huziona zikiwaka angani pia, maana biashara ya vileo imepanda ngazi. Baa ya chini haitoshi tena. Yatakiwa iwe juu ya paa, ili mnywaji alione jiji lote likiwa miguuni pake.

Tungeweza kuliacha jambo hili kwa waandishi wa habari za starehe. Hatuliachi, kwa sababu Bugolobi si mtaa kama mitaa mingine kwa wasomaji wa ukurasa huu. Kilimani juu yake upo Mbuya, yaliko makao makuu ya Wizara ya Ulinzi. Ng'ambo ya bonde upo Naguru, yaliko makao makuu ya Polisi. Ukiifuata barabara ya Port Bell kuelekea ziwani, wafika Luzira kwenye gereza kuu. Baina ya sehemu hizo tatu ndipo yalipo mapaa tunayoyasema. Kwa hiyo askari wa jeshi, wa polisi na wa magereza ni jirani wa baa hizo, tena ni mteja wake, tena ndiye aitwaye usiku mambo yanapoharibika. Mtu mwenye nafasi tatu kwa wakati mmoja hana budi kuchagua kwa uangalifu kuliko mtalii.

Mtalii huambiwa achague paa kwa kutazama mandhari, upepo, chakula na bei. Ndivyo wanavyoshauriwa wageni waendao Marrakech, kule Moroko, ambako kuketi juu ya nyumba wakati jua linapotua kumekuwa ni desturi ya kila msafiri, hata wengine hupanga jioni nzima ya kutoka paa hili kwenda lile. Hatuna ugomvi na vipimo hivyo. Hata Bugolobi vina maana yake. Kutoka juu waweza kuliona ziwa Nalubaale upande wa kusini, na vilima vya Kololo na Naguru upande wa pili, na mtu aliyeshinda wiki nzima kwenye lindo ana haki ya kuyafurahia hayo. Upepo nao si jambo la kudharau: Bugolobi ndipo ulipo mtambo mkubwa wa kusafisha maji machafu ya jiji, na siku upepo ukigeuka, hakuna muchomo wala pilipili iwezayo kushindana na harufu hiyo. Hapo wafurahiao ni ndege kaloli peke yao.

Lakini kwa askari twaongeza kipimo kimoja, nacho twakiweka mbele ya vyote. Ajiulize hivi kabla ya kuvuta kiti: je, baa hii nitaweza kuifunga kesho, nikiamriwa?

Tueleze maana yetu. Kanuni za kelele zilizotolewa mwaka 2003 chini ya sheria ya mazingira ziliigawa siku mara mbili: mchana huanza saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne usiku, na usiku huanza saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kwa majengo ya kuishi watu ziliweka kikomo cha desibeli 50 mchana na 35 usiku. Kwa mtaa wa mchanganyiko, wenye makazi pamoja na biashara na starehe, kikomo kilikuwa 55 mchana na 45 usiku. Kwa hospitali na shule kilikuwa 45 mchana na 35 usiku. Desibeli 35 ni sauti ya chumba kilichotulia ambamo watu wananong'ona. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufikia kama 60. Tena kipimo hiki hakipandi kama kilo za sukari. Kila zinapoongezeka desibeli 10, nguvu ya sauti imezidi mara kumi. Kwa hiyo muziki unaofika dirishani kwa jirani kwa desibeli 65 badala ya 45 haukuzidi kidogo. Umezidi mara mia.

Na paa lina tabia yake. Sauti itokayo chumbani hupambana na kuta na dari kabla ya kutoka nje, lakini sauti itokayo juu ya paa haina kinachoizuia. Usiku, ardhi inapopoa na hewa ya chini ikawa baridi kuliko ya juu, sauti ambayo mchana ingepotea mawinguni hupindishwa ikarudi chini. Ndiyo sababu mkaaji wa ng'ambo ya bonde aweza kuyasikia maneno ya wimbo kana kwamba mwimbaji yu ukumbini mwake, ilhali wanywaji wenyewe hawadhani kama wanamsumbua mtu. Mwenye baa akisema kwa kiapo kwamba majirani zake wa karibu hawajalalamika, huenda anasema kweli. Waliokosa usingizi wako mbali naye, na pengine miongoni mwao wamo wagonjwa waliolazwa katika hospitali ya jeshi kule Mbuya.

Sasa mkaaji huyo afanye nini? Analo Shirika la Mazingira, NEMA, na analo Baraza la Jiji, KCCA, lakini saa saba za usiku ofisi hizo zimefungwa. Anapiga simu polisi. Koplo wa zamu anapanda pikipiki au gari la doria, anafika Bugolobi, anapanda ngazi. Juu anamkuta afande wake, hana sare, ameketi meza ya mbele pamoja na wageni, na mbele yao zimepangwa chupa ambazo hakuna aliyezilipia wala atakayezilipia. Mwenye baa anatabasamu. Anampokea koplo kwa jina la afande. Hapahitajiki rushwa tena, wala neno baya halikusemwa. Koplo ameelewa yote. Atashuka ngazi, ataandika katika kitabu kwamba alifika na hali ilikuwa shwari, na muziki utaendelea hadi alfajiri.

Huu ni mfano tuliouunda sisi, wala hatumsemi mtu fulani. Lakini twajua wasomaji wetu wengi wamepata kuwa ama yule koplo ama yule afande.

Yafaa tuitazame hesabu ya mwenye baa, maana si mjinga. Kupunguza muziki saa nne kunampotezea wateja. Kujenga kuta za kuzuia sauti kwahitaji fedha, tena kunaharibu mandhari aliyoyauza. Kufungiwa leseni ni hasara kubwa zaidi. Lakini chupa sita kwa wiki, zikiwekwa mezani kwa mtu anayefaa, ni bima ambayo hakuna kampuni iwezayo kuiuza kwa bei hiyo. Kwa hiyo ile bia ya bure, ambayo askari huipokea akidhani anaheshimiwa, imekwisha kuandikwa katika daftari la matumizi pamoja na umeme na maji. Tena imeandikwa kwa bei ndogo. Inauma kidogo kujua kwamba cheo kilichotafutwa kwa miaka ishirini chanunuliwa kwa kreti.

Wazee wa Kampala hawajasahau miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980. Askari alipoingia baani na bunduki, raia waliziacha chupa zao nusu wakatoka kimyakimya. Aliyechelewa kutoka alimnunulia askari bia kwa hofu. Chuki ya wakati ule iliipata hata lugha hii tunayoiandika, kwa kuwa raia wengi wa mjini walikisikia Kiswahili kwanza kutoka kinywani mwa mtu mwenye silaha aliyetaka kitu. Imechukua miaka mingi kuliondoa doa hilo. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule. Watoto wa Bugolobi watakisoma darasani. Lakini watakisikia vilevile kutoka kwa askari anayemwita mhudumu wa baa, na jinsi anavyomwita ni somo pia.

Kutokana na historia hiyo ndipo zilipotoka kanuni za mwenendo za NRA wakati wa vita vya msituni, tangu mwaka 1981 hadi 1986. Kanuni hizo zilikataza pombe mpaka vita viishe. Zilimtaka mpiganaji alipe mara moja, tena kwa fedha taslimu, kila anachokichukua kwa raia. Watu wengi hukumbuka ile ya kwanza, nao huisema kwa kucheka, kwa kuwa vita viliisha na chupa zikafunguliwa. Ile ya pili haikuwekewa mwisho wowote. Haikusema alipe mpaka Kampala itwaliwe. Kama tukiichukua ilivyo na kuipandisha ngazi za Bugolobi, yatosha kumwongoza askari kuliko maagizo mengi: achague baa ambayo bei zake anaziweza, ili alipe, ili asidaiwe.

Na bei ni jambo la kweli. Kiwanda cha Uganda Breweries kilianzishwa mwaka 1946, nacho kipo Luzira karibu na Port Bell, kilomita chache tu kutoka hapa tunapopasema. Bia inayotoka huko haisafiri sana kufika Bugolobi, lakini huongezeka bei kwa kila ghorofa inayoipanda. Mteja wa juu analipia ziwa, anayalipia mataa, anamlipia mpiga muziki. Askari wa cheo cha chini akiketi hapo kila mwisho wa wiki na akawa analipa kwa haki, basi mshahara hautafika tarehe ishirini. Na asipolipa kwa haki, tumekwisha kusema yanayofuata. Hatumkatazi. Twasema tu kwamba paa la mara moja kwa miezi mitatu, lililolipiwa, ni starehe. Paa la kila Ijumaa, kwa mtu mwenye mkopo wa Wazalendo SACCO au Exodus SACCO wa kujengea nyumba kijijini, ni jambo ambalo mkewe angependa kulieleza katika ukurasa huu kuliko sisi.

Wakati wa maradhi ya Korona tuliona jinsi swali letu la kufunga lilivyo zito. Baa zilifungwa kwa amri mwezi Machi 2020, wala hazikuruhusiwa kufunguliwa mpaka tarehe 24 Januari 2022. Kwa karibu miezi ishirini na miwili kazi ya kuzifunga ilikuwa mikononi mwa polisi na vikosi vilivyowasaidia. Kila mkaaji wa Kampala anaikumbuka milango iliyofungwa mbele ikafunguliwa nyuma. Wananchi waliangalia baa zipi zilivamiwa na zipi zilipitwa, nao walihesabu. Watu hawakuchukizwa sana na ukali wa amri. Kilichowachukiza ni kuona amri ileile ikiwa kali katika vichochoro, na laini mahali penye mandhari mazuri.

Mabishano juu ya saa za kuuza pombe hayakuishia hapo. Mwaka 2023 Mheshimiwa Sarah Opendi, Mbunge Mwanamke wa Tororo, aliupeleka Bungeni muswada wa kudhibiti vileo, uliotaka siku za kazi pombe iuzwe kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa nne usiku. Bunge liliukataa mwaka 2024, na miongoni mwa hoja zilizotolewa ni kazi za watu wengi wanaoishi kwa biashara hiyo. Hoja hiyo ina uzito. Wahudumu, wapishi, walinzi, wapiga muziki, na vijana wa bodaboda wanaowarudisha wanywaji nyumbani, wote hao hula kutokana na usiku. Hatutaki baa zife. Lakini muswada ulipokataliwa, kanuni za kelele hazikukataliwa pamoja nao, na wapo wenye baa wanaozungumza kana kwamba mambo hayo mawili ni kitu kimoja.

Sasa tuje kwenye usalama wa mwili, ambao askari hupaswa kuujua kuliko watu wengine na aghalabu huusahau mara tu anapovua sare.

Kutoka Bugolobi hadi Lugogo ni mwendo mfupi. Hapo, katika uwanja wa raga wa Kyadondo, na pia katika mkahawa wa Ethiopian Village huko Kabalagala, mabomu yalilipuka usiku wa tarehe 11 Julai 2010, watu walipokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia baina ya Hispania na Uholanzi. Waliouawa walizidi 70. Al-Shabaab walisema ndio waliofanya, wakalitaja jeshi letu lililokuwa Somalia tangu Machi 2007. Miaka kumi na minne baadaye, tarehe 14 Julai 2024, gari lenye bomu lililipuka nje ya mkahawa mmoja mjini Mogadishu, watu walipokuwa wakitazama fainali ya Ulaya. Adui huyu anajua ratiba ya mpira vizuri kama sisi.

Karibu zaidi na wakati wetu, tarehe 23 Oktoba 2021, huko Komamboga, pembezoni mwa Kampala, watu waliojifanya wateja waliingia mahali pa kulia nyama ya nguruwe, wakaacha mfuko wa plastiki chini ya meza, wakaondoka. Mlipuko ulimuua msichana mhudumu mwenye umri wa miaka 20. Na kwa kuwa tuliitaja Marrakech, tukumbuke kwamba hata huko, tarehe 28 Aprili 2011, bomu liliuharibu mkahawa wa Argana, ambao watalii waliupenda kwa sababu ya ukumbi wake wa juu unaotazama uwanja wa Jemaa el-Fnaa. Watu 17 walikufa. Aliyeliweka alikuja kwa sura ya mtalii, akaagiza kinywaji kama wengine, akauacha mzigo wake.

Katika mambo haya paa lina faida moja na hasara moja, nazo zatoka mahali pamoja. Faida ni kwamba mlango ni mmoja. Baa ya barabarani huingiwa kila upande, lakini ya juu hufikiwa kwa ngazi au kwa lifti, na mlinzi hodari mmoja aliyesimama chini aweza kumkagua kila apandaye. Kwa hiyo kabla ya kupanda, askari amtazame mlinzi huyo. Je, anafungua mikoba, au anapitisha kile chombo chake hewani huku akizungumza na simu? Je, anakagua na magari yaliyoegeshwa chini ya jengo? Na hapa pana jaribu ambalo twawaomba wasomaji wetu walishinde: askari akisema "mimi ni wa kazini" ili asikaguliwe, amemfundisha mlinzi kwamba neno hilo latosha. Kesho atalisema mtu mwingine. Baa inayomkagua afande bila kuomba radhi ndiyo baa ya kuketi.

Hasara ni kwamba mlango huo mmoja ndio wa kutokea. Usiku wa kuamkia Januari 1, 2023, kwenye jengo la Freedom City, barabara ya Entebbe, watu wasiopungua 9 walikufa kwa kukanyagana katika njia nyembamba wakati wa fataki za mwaka mpya, na wengi wao walikuwa watoto na vijana. Hapakuwa na adui hapo wala bomu, ila watu wengi na njia ndogo. Katika jiji la Yaoundé, nchini Kameruni, tarehe 23 Januari 2022, moto ulioanzishwa na fataki za ndani uliunguza klabu ya usiku na kuua watu zaidi ya 15. Zile cheche zinazowashwa juu ya chupa za bei kubwa, zikapitishwa kwa kelele baina ya meza, zinapendwa sana na vijana wetu pia. Mahali penye dari la nyasi au mapazia ya plastiki, cheche hizo si mapambo.

Basi mtu akifika juu, kabla ya kuagiza, azitafute ngazi za pili. Azishuke hata ghorofa moja. Mara nyingine atazikuta zimejaa kreti tupu, au mlango wake umefungwa kwa kufuli ili wateja wasitoroke bila kulipa. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013 yataka jengo lipate kibali kabla ya kukaliwa, na jengo lililopewa kibali kama ofisi halikukusudiwa kuwabeba watu mia mbili wanaorukaruka kwa pamoja juu ya paa lake, wala jiko, wala tangi la maji lililoongezwa baadaye. Askari wa uhandisi watatuelewa haraka. Mzigo unaocheza ni mzito kuliko mzigo uliolala.

Radi nayo tusiipite. Ukanda wa ziwa Nalubaale ni miongoni mwa sehemu za dunia zipigwazo sana na radi. Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika shule ya msingi ya Runyanya, wilayani Kiryandongo. Na tarehe 2 Novemba 2024 iliua watu 14 waliokuwa katika ibada kwenye makazi ya wakimbizi ya Palabek, wilayani Lamwo. Paa la Bugolobi lenye miamvuli ya nguzo za chuma, likiwa refu kuliko vyote vilivyo jirani yake, halipaswi kukosa kinga ya radi yenye waya uliofika ardhini. Na mwezi wa Aprili au Novemba, ngurumo zinaposikika upande wa ziwa, mahali pa kumalizia chupa ni chini.

Limebaki suala la ulimi. Askari aliyehudumu Mogadishu anajua paa ni nini: ni mahali pa kuangalia. Nani anaingia, nani anatoka, magari mangapi, saa ngapi. Kutoka kwenye baadhi ya majengo ya Bugolobi mtu aona njia zinazopanda Mbuya bila kuhitaji darubini, na mteja yeyote anaruhusiwa kupiga picha za machweo. Hatuwezi kuwakataza wananchi kulitazama jiji lao. Lakini askari asimsaidie mtazamaji kwa kumweleza anachokiona. Tarehe za zamu, majina ya wanaosafiri, kikosi kinachobadilishwa, gari lililoharibika, yote hayo yamesemwa mara nyingi mezani, kwa sauti ya kushindana na muziki, mbele ya rafiki wa rafiki. Picha za simu zinazotumwa usiku huohuo, nyuma yake yakionekana makao ya jeshi, ni kosa lilelile kwa njia nyingine. Hapa muziki mkubwa una hatari ambayo wachache huifikiria: humlazimisha mtu kupaza sauti, naye hawezi kujua nani aliye nyuma yake ameisikia.

Wapo makamanda watakaotuambia kwamba askari asiende huko kabisa. Anayo kantini kambini, na anywe huko. Twawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Askari anayeishi na kunywa ndani ya ua peke yake husahau sauti za wananchi, nao humsahau. Na nchi hii imekwisha kuona matunda ya usahaulifu huo. Anayeketi mezani kama raia mwingine, hana bastola kiunoni, hana sare, amekaguliwa mlangoni, amelipa bili yake na kumshukuru mhudumu, analifanyia jeshi kazi ambayo hotuba haziwezi. Silaha hatuijadili hata kidogo. Pombe na risasi zikikutana, mwenye kuzibeba hana tena cheo wala maelezo, na Sheria ya UPDF ya mwaka 2005 iliuhesabu ulevi wenyewe kuwa kosa, hata pasipo risasi.

Kwa makamanda twaomba jambo jingine badala ya katazo. Wasikubali kualikwa kama wageni wa heshima kwenye ufunguzi wa baa mpya, wala majina ya vikosi yasitumiwe kupata punguzo la bei. Mfanyabiashara anayetaka kuwaheshimu askari anao wajane na mayatima wa kuwasaidia kwa njia zilizo wazi. Na mkuu wa kituo, anapopanga doria ya Ijumaa, ni vema asimpeleke Bugolobi mtu yuleyule kila wiki, maana hata mtu mwema huzoea kiti.

Na kwa koplo wetu wa zamu, ambaye simu itamfikia tena mwisho wa wiki hii, hatuna ushauri mgumu. Panda ngazi. Ukimkuta afande wako mezani, msalimu kwa heshima impasayo. Kisha umgeukie mwenye baa, umwombe leseni yake, umwonyeshe saa, na ungoje hapo juu mpaka muziki uteremke.